Kulala Vizuri Hemani: Namna ya Kuchagua Godoro la Kambi

Baridi inayomwamsha mtu saa tisa za usiku ndani ya hema mara nyingi inatoka ardhini. Mfuko wa kulalia huhifadhi joto kwa sababu manyoya au nyuzi zake zimefura na kushika hewa. Ukiulalia, upande wa chini unabanwa na uzito wako na hewa yote inatoka. Hapo penye mgongo, nyonga na mabega unabaki na vitambaa viwili tu kati yako na udongo. Kurundika mablanketi juu hakuzibi tundu hilo. Linazibwa na kitu kimoja tu, nacho ni godoro lisilobanika hadi chini. Ndiyo maana mwenye mfuko wa bei kubwa aliyetandika mkeka mwembamba hutetemeka, na jirani yake mwenye mfuko wa kawaida juu ya godoro zuri akalala mpaka alfajiri.

Kwa hiyo ukiwa na pesa ya kutosha kitu kimoja kizuri, anzia chini. Na kabla ya kuingia dukani jibu maswali matatu kwa mpangilio huu: utalala mahali gani, mzigo utabebwa na nani, na wewe hulala chali au ubavu. Wengi huanza na ulaini, wakalibonyeza godoro kwa kidole na kulipa. Ulaini ndio rahisi kurekebisha; joto ukilikosa mlimani hulipati tena mpaka jua litoke.

Mahali kwanza

Hesabu ya haraka: kila ukipanda mita 100, halijoto hushuka kwa takribani nyuzi 0.65. Usiku wa nyuzi 25 Pwani unakuwa karibu nyuzi 10 kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambao uko juu ya mita 2,300. Kwenye kambi ya Barafu, Kilimanjaro, takribani mita 4,670, hesabu hiyo hiyo inakupeleka chini ya sifuri, na ardhi yenyewe huganda. Kambi ya Shipton upande wa Mlima Kenya iko kama mita 4,200, nayo si ya kuichezea. Watalii wengi hushangazwa na Ngorongoro zaidi kuliko na Kilimanjaro, kwa kuwa mlimani walijiandaa, ilhali kreta waliihesabu kuwa sehemu ya safari ya wanyama na joto. Juni hadi Agosti, nyasi za pale juu hulowa umande kabla hujamaliza chakula cha jioni.

Uwezo wa godoro kuzuia joto lisikimbilie ardhini hupimwa kwa kiwango cha R. Namba ikiwa kubwa, joto linapotea polepole. Tangu 2018 kuna njia moja ya kupima, ASTM F3340, kwa hiyo godoro lililopimwa hivyo unaweza kulilinganisha na la kampuni nyingine bila kubahatisha. Kwa matumizi ya huku kwetu:

Pwani, Saadani, Mikumi na nyanda za chini: R 1 hadi 2 inatosha, na tatizo lako kubwa litakuwa jasho.
Serengeti, Maasai Mara, Lushoto na miinuko ya kati: R 2 hadi 3.5.
Ukingo wa Ngorongoro na kambi za msituni mlimani: R 3.5 hadi 4.5.
Juu ya mita 3,500: R 4.5 au zaidi, na anayehisi baridi haraka asishuke chini ya 5.

Jambo la kufurahisha ni kwamba namba hizi hujumlishwa. Mkeka wa povu wa R 2 ukiwekwa chini ya godoro la R 3 unakupa R 5. Huna haja ya kununua godoro la mlimani kwa safari moja. Tandika mawili uliyonayo. Godoro lisiloandikwa R popote, hasa la bei ndogo la kupuliza, lihesabu kuwa na R 1 au pungufu.

Godoro la sponji

Ukisafiri kwa gari, godoro la sponji la kawaida bado halijapata mpinzani. Halitoboki, halipigi kelele ukijigeuza, halihitaji pampu, na duka lake liko kila mji. Saizi ya futi 2.5 kwa 6 yenye unene wa inchi 4 inamtosha mtu mmoja na inaingia kwenye hema nyingi. Inchi 2 inamfaa mtoto au mtu mwepesi anayelala chali. Inchi 6 inachukua nafasi kubwa mno garini bila kuongeza raha yoyote ya maana.

Kosa linalofanyika ni kununua kwa unene bila kuangalia uzito wa sponji. Sponji nyepesi ni hewa tupu: dukani laini, usiku wa pili nyonga imegusa udongo. Lipime kwa mzani. Godoro la futi 2.5 kwa 6 kwa inchi 4 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 0.14. Likiwa na kilo 3.5 bila kava, uzito wake ni kilo 25 kwa mita ya ujazo, nalo litakubeba vizuri. Likiwa na kilo 2.2, ni chini ya kilo 16 kwa mita ya ujazo, liache. Mwenye duka asipokuwa na mzani, piga goti moja katikati ukiweka uzito wako wote na uhesabu hadi 10. Ukihisi sakafu, usilinunue. Ukiinuka, shimo lifutike mara moja.

Adui wa sponji ni maji. Hunywa umande uliopenya sakafu ya hema, na ikilowa haikauki kwa siku moja kwenye hali ya mawingu. Shona kava la turubai jepesi au kitambaa kisichopitisha maji upande wa chini peke yake, na pamba ya kawaida upande wa juu. Ukifunika pande zote kwa plastiki, jasho lako linabaki ndani na asubuhi godoro linanuka. Likunje mara tatu, lifunge kwa mikanda miwili, na lisafiri ndani ya gari: juu ya keria vumbi la barabara ya murami huingia hadi kiini chake, nalo halitoki kwa kupigwa.

Magodoro ya sufi yaliyolaliwa Pwani miaka yote yaacheni nyumbani. Ni mazito, yanashika unyevu, na yanahitaji jua la kila mara.

Mkeka wa povu gumu

Huu ndio ule unaoonekana umefungwa nje ya mabegi ya wapanda mlima, wa bluu au kijivu, wakati mwingine una upande wa fedha. Povu lake lina vijishimo vilivyozibwa kila kimoja peke yake, ndiyo sababu hainywi maji. Unene ni sentimita 1 hadi 2, uzito gramu 300 hadi 500, na R ya ule mzuri wa sentimita 2 ni karibu 2. Unaukata kwa kisu upendavyo, unaukalia kando ya moto (mbali na cheche, maana huyeyuka), unautupa juu ya miba bila hofu.

Raha yake ni ndogo. Anayelala chali huuzoea. Anayelala ubavu ataamka na bega lililokufa ganzi. Upande wa fedha uelekee mwili wako. Mkeka wa yoga wa milimita 6 usiuchukulie kuwa sawa na huu: una uzito mkubwa zaidi na hauzuii baridi ya maana. Ukiwa nao tayari, utumie kama tabaka la nyongeza.

Hata ukinunua godoro la kupuliza la bei gani, beba mkeka mmoja wa povu katika kundi. Godoro la hewa likitoboka kwenye mita 4,000, mkeka huo ndio utakaomwezesha mtu kuendelea na safari.

Magodoro ya hewa

Yako ya namna tatu, na yanatofautiana sana ingawa kwenye rafu yanafanana.

La kujijaza lina sponji ndani na vali pembeni. Ukifungua vali, sponji inatanuka na kuvuta hewa yenyewe. La sentimita 3 hadi 5 lina uzito wa kilo moja hivi na linafaa safari nyingi. La sentimita 8 hadi 10 ni la gari, na ndilo linalokaribia zaidi kitanda cha nyumbani. Likiwa jipya, au limekaa limekunjwa miezi, litakataa kujaa. Lifungue, liache nusu saa, kisha malizia kwa pumzi chache. Hata likitoboka, sponji iliyo ndani inakupa kitu cha kulalia hadi asubuhi.

La kupuliza lililo jepesi limetengenezwa kwa nailoni nyembamba, lina unene wa sentimita 7 hadi 9, na likikunjwa linakuwa na ukubwa wa chupa ya maji ya lita moja. Hili ndilo la mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe. R yake inaanzia 1 na kupita 7 kutegemea kilichomo ndani, kwa hiyo usinunue bila kuona namba. Yenye tabaka za foili huchakarika ukijigeuza. Mwenzako wa hemani atakwambia. Usilipulize kwa mdomo. Pumzi ina mvuke, mvuke huota ukungu ndani, na juu mlimani, ambako kanieneo ya hewa kwenye mita 4,000 ni kama asilimia 60 ya ile ya Pwani, kupuliza kunakuachia kizunguzungu na kichwa kuuma. Tumia mfuko wa kupulizia unaokuja nalo.

La tatu ni lile kubwa la plastiki ya PVC lenye uso wa mahameli, sentimita 20 na zaidi, linalouzwa kwa pampu ya umeme. Kwa mgeni wa sebuleni sawa. Hemani lina kasoro mbili. Ya kwanza ni baridi: ndani yake mna hewa nyingi isiyozuiwa na chochote, na kila ukijigeuza inachanganyika, ile uliyoipasha moto inakwenda pembeni na ya baridi inakuja chini yako. Ya pili ni kwamba watu wawili wenye uzito tofauti wakililalia, mwepesi anateremkia kwa mzito usiku kucha. Ukiwa huna lingine, tandika blanketi nene au mkeka wa povu juu yake, usiweke chini yake, ili joto lisifike kwenye hewa ile kabisa. Na usiku wa kwanza lisikutie wasiwasi likilegea: PVC mpya hutanuka. Ongeza hewa, usiku wa tatu bado likilegea ndipo utafute tundu.

Kitanda cha kukunja

Kitanda cha Pwani cha kamba kilitengenezwa ili upepo upite chini ya mlalaji, na kitanda cha kambi cha turubai na mabomba kinafanya kazi ile ile. Mahali pa joto ni raha kubwa: hulali kwenye unyevu, siafu wanapita chini, na mtu mwenye magoti mabovu au mama mjamzito anaketi na kuinuka bila kusaidiwa. Lakini upepo huo huo ukikikuta kitanda Ngorongoro, unakupoza kuliko ardhi. Juu ya mita 1,500 lazima utandike godoro lenye R juu yake.

Angalia mambo manne. Uzito kinaobeba uzidi wako kwa kilo 30, kwa sababu ukiketi katikati uzito wote unaangukia bomba moja. Urefu usipungue sentimita 200 ukiwa na zaidi ya futi 5 na inchi 10, la sivyo bomba la miguuni litakuumiza visigino. Kwenye hema la kuba, ukiweka kitanda cha kimo cha sentimita 40 unapoteza nafasi ya kuketi, kwa hiyo hema liwe na kimo cha sentimita 150 au zaidi. Kuna vitanda vifupi vya sentimita 15 hadi 20 kwa hema ndogo. Mwisho ni miguu: yenye ncha hutoboa sakafu ya hema. Chagua inayolala bapa, au weka chini ya kila mguu kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 10 kwa 10.

Bembea ya kulalia tuipitie kwa ufupi. Inahitaji miti miwili imara iliyoachana mita 3.5 hadi 4.5, mikanda mipana isiyochubua gome, na mlalaji akae mshazari ili mgongo unyooke. Kwenye hifadhi zenye simba na tembo isahau. Lala hemani na ufunge zipu.

Unene na upana wa mwili wako

Anayelala chali hugawanya uzito wake sehemu kubwa, kwa hiyo sentimita 2 hadi 4 zinamtosha. Anayelala ubavu anaweka karibu uzito wote kwenye nyonga na bega. Huyo anahitaji sentimita 7 na kuendelea za hewa, au inchi 4 za sponji nzuri. Anayelala kifudifudi apendelee godoro gumu zaidi, maana laini humpinda kiuno.

Upana wa kawaida ni sentimita 51, nao ni mwembamba: mikono huanguka pembeni ikagusa sakafu baridi. Mtu mwenye mabega mapana au anayejigeuza achukue sentimita 63 hadi 64, hata kama uzito utaongezeka kidogo. Urefu uwe kimo chako na sentimita 5 za ziada. Yaliyochongoka miguuni yanapunguza uzito, lakini hayamfai anayelala amekunja magoti.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lilalie dukani dakika 10, upande ule unaolalia kwako, ukiwa umevua viatu. Kama muuzaji hakubali, lilalie nyumbani usiku mzima sakafuni kabla ya safari, dirisha likiwa wazi.

Kiasi cha hewa

Godoro zuri huharibiwa na kujazwa kupita kiasi kuliko na kitu kingine chochote. Likiwa gumu kama meza linakubeba kwenye nyonga na bega tu, kiuno kikabaki kinaning'inia, na linakubingirisha pembeni. Fanya hivi: lijaze liwe gumu, lala ubavu, kisha ufungue vali kidogo kidogo hadi uhisi nyonga inazama. Pitisha kiganja chini ya nyonga. Kati ya mwili na sakafu pabaki nafasi ya vidole viwili. Funga hapo. Kisha keti katikati: ukigusa ardhi ukiwa umeketi ni kawaida, mradi ukilala huigusi.

Hewa husinyaa ikipoa. Ukilijaza jioni kwenye nyuzi 28 na usiku ukashuka hadi 5, hewa ya ndani inasinyaa kwa karibu asilimia 8, nalo litakuwa laini bila kuwa na tundu lolote. Liongezee hewa kidogo kabla ya kulala, baada ya kupoa. Mchana fanya kinyume: fungua vali kabla ya kutoka kwenda kuona wanyama. Hema lililofungwa kwenye jua la saa saba huwa tanuri, hewa inatanuka, kuta za ndani zinaachana, na jioni unakuta godoro limeota nundu kubwa katikati. Nundu hiyo haina fundi.

Uwanja wa kulalia

Kabla ya kutandika hema, fagia kwa tawi kisha upapase kwa kiganja. Miba ya mgunga hupenya turubai, sakafu ya hema na godoro kwa mpigo mmoja. Toa mawe na vijiti, tafuta tambarare, na kama kuna mteremko kidogo kichwa kikae juu. Lala dakika moja juu ya ardhi tupu kabla ya kupigilia vigingi vya hema. Jiwe usilolihisi sasa utalihisi usiku. Turubai la chini ya hema likunjwe lisitokeze nje, maana likitokeza hukusanya mvua na kuipeleka chini ya godoro lako.

Ukikodi kwa safari ya mlima

Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, vyenye vitanda na magodoro. Atahitaji mfuko wa kulalia tu. Njia za Machame, Lemosho na nyingine ni za hema. Uliza kampuni kabla ya kulipa: godoro ni la aina gani, unene gani, na ni moja au mawili kwa mtu. Ukiambiwa "tunatoa godoro" bila maelezo, mara nyingi ni mkeka wa povu wa sentimita 1. Omba wa pili.

Na uulize swali ambalo wageni wachache huuliza: wapagazi wanalalia nini? Wanalala kwenye ardhi ile ile ya Barafu baada ya kubeba mzigo wa hadi kilo 20. Mkeka wa povu kwa kila mmoja ni gharama ndogo, na kampuni inayojali itakujibu bila kusita.

Likitoboka

1. Lijaze liwe gumu, paka maji ya sabuni kwa sponji ya vyombo ukianzia kwenye vali na mishono. Tazama mapovu madogo yanayojirudia.
2. Zungushia duara kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha utoe hewa yote.
3. Safisha kwa spiriti, acha pakauke kabisa. Kiraka kikibandikwa penye unyevu hubanduka usiku ule ule.
4. Bandika kiraka kinachozidi tundu sentimita 2 kila upande, au paka gundi ya uretheni kwenye tundu dogo la mwiba.
5. Weka kitu kizito juu. Gundi iache saa zilizoandikwa kwenye kopo, mara nyingi usiku mzima.

Solusheni ya fundi baiskeli imetengenezwa kwa mpira wa tyubu. Kwenye PVC na nailoni haishiki vizuri. Supagluu hukauka ikawa kama kioo na kupasuka godoro likikunjwa. Usiku wa dharura, utepe mpana wa nguo juu ya sehemu kavu unaweza kukufikisha asubuhi.

Dawa ya mbu yenye DEET (kemikali ya kufukuza wadudu) jipake ukiwa nje ya hema na uiache ikauke kabla ya kulala, kwani huyeyusha baadhi ya plastiki. Makombo ya chakula yasibaki hemani: panya wa kambi za mlimani hutafuna kitambaa chochote kinachonuka biskuti.

Ukirudi, pangusa godoro kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, lianike kivulini, na lile la kujijaza lihifadhi likiwa limenyooka na vali wazi, chini ya kitanda au nyuma ya kabati. Likikaa mwaka mzima limefungwa kama mzigo, sponji yake husahau kutanuka.